Kufinyanga kikaragosi cha Waziri Guizot kwa udongo wa Mwanza

Maelekezo haya ni ya kutengeneza kichwa na mabega ya François Guizot, mwanahistoria na waziri wa Ufaransa wa karne ya 19, kwa mtindo wa Honoré Daumier, mchoraji wa vikaragosi wa Ufaransa wa karne hiyohiyo: udongo wa kawaida, kimo kisichofika urefu wa rula, rangi juu yake, na sura iliyotiwa chumvi kiasi. Kikikauka kitakuwa na kimo cha sentimita 18 mpaka 19. Kufinyanga kunataka siku mbili. Kukausha kunataka wiki mbili mpaka tatu, na humo ndimo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo sehemu hiyo usiiruke hata kama mikono inakuwasha.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1830 Daumier alifinyanga vichwa vya wabunge, mawaziri na watu wengine wa zama za Mfalme Louis-Philippe. Vilivyosalia ni 36, na viko Musée d'Orsay, Paris. Havikutengenezwa viwe mapambo ya sebuleni. Vilikuwa vielelezo vya kuchorea. Charles Philipon, mwenye magazeti ya La Caricature na Le Charivari, alikuwa akihitaji sura za wakubwa mfululizo, na mchoraji mwenye kichwa cha udongo mezani humgeuza mheshimiwa atakavyo bila kumwomba akae atulie. Sanamu yako nayo ni ya kazi hiyohiyo, ndiyo maana maelekezo haya yanaishia kwenye karatasi na penseli.

Anayeanza huvutwa kwanza na d'Argout, waziri wa mambo ya ndani aliyejulikana Ufaransa nzima kwa pua yake. Tunashauri umwache. Pua ndefu inachekesha hata ikibandikwa kwenye kiazi, kwa hiyo haikufundishi kitu. Guizot hana pua ya kuchekesha, hana kitambi, hana kidevu cha ajabu. Ni mtu mwembamba, mkavu, amefunga mdomo, amevaa koti jeusi. Ukiweza kumtania huyo mpaka mtu asiyemjua acheke, umeijua kazi. Faida nyingine ni kwamba hana mjukuu Mwanza wa kuja kulalamika.

Mjue mtu kabla ya kushika udongo

Guizot alizaliwa Nîmes mwaka 1787 katika familia ya Kiprotestanti. Baba yake alikatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi. Alifundisha historia Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, akaingia serikalini, na akiwa waziri wa elimu alisimamia sheria ya 1833 iliyoitaka kila wilaya ndogo ya Ufaransa iwe na shule ya msingi. Baadaye aliongoza mambo ya nje kuanzia 1840, na mwaka 1847 akawa waziri mkuu. Alikataa kupanua haki ya kupiga kura mpaka Februari 1848, watu wa Paris walipoingia barabarani. Mfalme alimwondoa tarehe 23, kesho yake mfalme mwenyewe akaachia kiti, na Guizot akakimbilia London.

Historia hii ina kazi kwenye vidole. Mtu anayeamini kwamba yuko sahihi na hana haja ya kukusikiliza huwa na mdomo wa namna fulani na kope za namna fulani. Kichwa cha Guizot alichofinyanga Daumier kimezoeleka kwa jina la "Mchoshi". Halikulengwa umbo la kiungo chochote. Lililengwa lile jambo ambalo uso mzima unafanya: kila kitu kinavuta chini.

Nenda steshenari ukachapishe picha mbili katika karatasi za A4. Moja iwe ile ya rangi ya mafuta aliyochora Paul Delaroche mwaka 1837, inayomwonyesha kwa heshima zote. Nyingine iwe picha ya kamera kutoka studio ya Nadar, mpiga picha wa Paris, Guizot akiwa mzee, mashavu yamebonyea. Ukipata na picha ya kichwa cha Daumier, iangalie mara moja kisha igeuze kifudifudi. Ukiiweka mbele yako utanakili makosa yako juu ya ubingwa wake.

Kisha chora hatua nne kwenye karatasi. Njia hii ni ya Philipon. Alipofikishwa mahakamani Novemba 1831 kwa kumdhihaki mfalme, alichora uso wa Louis-Philippe mara nne, kila mchoro ukisogea kidogo, mpaka wa nne ukawa pea, lile tunda lenye kichwa chembamba na matako mapana, na akaiuliza mahakama iliona kosa limeanzia wapi. Wewe usifike kwenye tunda. Chora wa kwanza ukiwa sahihi kabisa, wa pili umeteremsha ncha za mdomo, wa tatu umeongeza uzito wa kope na urefu wa paji, wa nne umezidisha vyote mpaka sura imepotea. Utakaoufinyanga ni wa tatu. Wa nne upo ili ujue mpaka uko wapi.

Udongo

Unahitaji kilo 3 za udongo uliokwishaandaliwa, na ili uzipate chimba nusu ndoo ya lita 20, kwa sababu changarawe na mizizi vitaondoka na sehemu kubwa.

Mwanza ni mji wa mawe, na udongo wake umetokana na mawe hayo. Chini tu ya vilima kuna luseni, mchanga mwepesi usioshikamana, huo hautufai. Ukishuka mpaka mbugani unakuta udongo mweusi unaonata sana ukilowa na kupasuka nyufa za kuingia kiganja kiangazi. Huo unafinyangika vizuri siku ya kwanza, halafu unakusaliti. Unavimba sana ukinywa maji na unasinyaa sana ukikauka, kwa hiyo pua na masikio ya sanamu hujitenga na kichwa. Unaotafutwa uko katikati: ule wa kijivu au kahawia, pembezoni mwa mabonde ya mpunga, chini ya udongo wa juu, kina cha goti hivi. Wafyatua matofali na akina mama wanaofinyanga vyungu wanajua mahali pake. Waulize kwa adabu na uwalipe chochote.

Usiingie ziwani kuchimba, wala kwenye madimbwi ya kando yenye nyasi na konokono. Kichocho kipo. Isitoshe, udongo wa ufukweni umejaa vipande vya makombe ya konokono, na makombe ni chokaa. Ukichoma sanamu, chokaa ile hubadilika, kisha baada ya siku kadhaa inavuta unyevu wa hewa, inavimba na kurusha vibanzi. Unaamka asubuhi unakuta Guizot ana shimo shavuni. Udongo wa mbugani nao una vidonge vyeupe vya chokaa vinavyofanya vivyo hivyo. Ukiona vyeupe, badili shimo.

Jaribu palepale: viringisha kipande chenye unene wa penseli, kizungushe kwenye kidole. Kikikatika, mchanga umezidi. Kikizunguka bila ufa hata mmoja huku kikinata kwenye ngozi, ni ule wa mbugani. Kikionyesha nyufa ndogo mbili tatu juu, chukua.

Nyumbani, anika ukauke kabisa, uponde, uloweke kwa maji ya bomba siku mbili bila kuukoroga. Udongo mkavu hunywa maji na kumeguka wenyewe. Ukilowekwa ukiwa na unyevunyevu unabaki mabonge. Baada ya hapo koroga upate uji, upitishe kwenye kipande cha chandarua kikuukuu kilichofungwa mdomoni mwa ndoo nyingine. Acha utulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, mimina uji kwenye salfeti na uuning'inize kivulini mpaka uweze kukandika bila kunata mikononi.

Sasa pima kusinyaa kwake. Watu wengi huona uvivu hapa. Tengeneza vipande viwili bapa vya urefu wa sentimita 12, kwenye kila kimoja chora mistari miwili iliyoachana sentimita 10 kamili, viache vikauke. Ukikuta mistari imebaki na sentimita 9, umesinyaa asilimia 10, na sanamu ya sentimita 20 itakuwa 18. Ukisinyaa zaidi ya asilimia 12, ongeza mchanga laini uliochekechwa au, bora zaidi, vigae vya chungu kilichovunjika vilivyotwangwa na kuchekechwa: kikombe kimoja kwa vikombe vinane vya udongo. Vigae vimeshapita motoni, havisinyai tena, na vinafungua njia za maji kutoka. Vipande vyako vya kipimo usivitupe, utavihitaji wakati wa kuchoma.

Mwisho kanda kwa nguvu dakika 15, ukikata bonge kwa waya wa breki ya baiskeli na kulibamiza upya. Ukikata ukaona matundu, endelea.

Vifaa vingine ni vya nyumbani: ubao wa sentimita 25 kwa 25, kijiti cha kipenyo cha sentimita 2 kilichopigiliwa wima katikati yake na kutokeza sentimita 13, gazeti, kisu cha mezani, kijiko cha chai, spoku ya baiskeli iliyopondwa ncha, kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, sifongo, rula, kipande cha kanga kuukuu na ndoo yenye mfuniko wa kubana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ndoo inahifadhi unyevu vizuri kuliko ilivyokuwa mifuko ile.

Siku ya kwanza: sura ya kweli

Funika kijiti kwa gazeti mizunguko minne, kisha ndipo uweke udongo. Bila gazeti, udongo unasinyaa kijiti hakisinyai, na shingo inapasuka wima kuanzia kidevuni. Gazeti linateleza na kuachia.

Gawa kimo cha sentimita 20 hivi: mabega na kifua 5, shingo pamoja na kitambaa chake 2.5, kichwa 12.5 kutoka kidevuni hadi utosini. Upana wa kichwa uwe 7.5 tu kwa sababu uso wake ni mwembamba, na kina kutoka paji hadi kisogo kiwe 11. Hicho kina ndicho kinachosahaulika. Ukizoea kufanya kazi kwa kutazama picha ya mbele, kichwa kinatoka bapa, na ukikigeuza upande unakuta umefinyanga sahani yenye pua. Geuza ubao kila baada ya dakika chache. Ukiona umekaa upande mmoja tangu ulipoanza, umeshapotea.

Jenga kwa mabonge, si kwa kuchonga. Bonge la fuvu, bonge la taya, kabari ya pua, vijibonge vya mashavu. Kila bonge lisukumwe kwa kidole gumba mpaka lishikane na lililo chini yake. Bonge lililobandikwa tu litadondoka likikauka. Mstari wa macho uwe katikati ya kichwa, sentimita 6.25 kutoka utosini. Bonyeza matundu ya macho kwa vidole gumba viwili kwa wakati mmoja, yaingie sentimita 1. Usitengeneze mboni wala kope leo. Usichore nywele. Ukimaliza siku ya kwanza, mtu aliyesimama mlangoni awe anatambua kwamba ni mzee mwembamba mwenye paji kubwa, hata kama uso hauna jicho.

Bado hujatia dhihaka yoyote, na usijaribu. Kikaragosi kinachoanza na kutia chumvi hakina pa kupimia. Inabidi msingi uwe sahihi ndipo mtazamaji ahisi umeuvuta, na ahisi umeuvuta upande gani.

Lowesha kanga, ikamue mpaka isidondoke, funika kichwa, kisha kigeuzie ndoo juu yake. Kanga inayodondosha maji itayeyusha pua usiku.

Siku ya pili: kuvuta chini

Chagua sehemu tatu za kusogeza, zisizidi. Kwa Guizot tunapendekeza mdomo, kope za juu na paji. Vingine vyote vibaki kama vilivyo.

Anza na mdomo. Katikati ya midomo usipaguse. Kwa bapa la mwanzi sukuma pembe zake chini milimita 6 mpaka 8, kisha ongeza kijibonge cha ukubwa wa punje ya mahindi nje ya kila pembe, ukikishusha kuelekea tayani. Vijibonge hivyo ndivyo vinavyotoa sura ya mtu anayesikiliza huku hasikii. Mdomo wa juu uwe mwembamba na mrefu kutoka puani: ongeza milimita 4 za nafasi hapo kwa kuteremsha mdomo wote, si kwa kupandisha pua. Ukipandisha pua, uso unakuwa wa kitoto na mchezo umeisha.

Kope ndizo zinazomaliza kazi. Tengeneza mpira wa jicho wa kipenyo cha sentimita 1.4, uweke ndani ya tundu, halafu viringisha ukanda mwembamba wa udongo, uulaze juu ya jicho ukiwa mzito upande wa nje kuliko wa ndani. Ukanda ufunike karibu nusu ya jicho. Angalia kwa mbali: akionekana ana usingizi, umefunika mno, pandisha upande wa ndani kidogo ili atazame. Anatakiwa achoke kwa sababu ya wewe, si kwa sababu hajalala. Tofauti hiyo ni milimita moja au mbili, na inafaa kuitumia nusu saa nzima. Tundu la mboni lichomwe kwa ncha ya spoku, kina cha milimita 3, likigusana na ukingo wa kope ya juu. Mboni inayoelea katikati ya jicho humfanya mtu aonekane ameshtuka.

Paji liongezwe sentimita 1 juu na kutokezwa mbele kidogo, lisiwe la mviringo mkamilifu. Acha alama za vidole. Daumier aliziacha, na mtu anayelainisha paji kwa sifongo mpaka ling'ae anapata sanamu ya kuuzia watalii.

Mashavu yabonyee chini ya mfupa. Mikunjo ya uso isichorwe kwa kukwaruza. Mkunjo ni mahali ambapo nyama mbili zinakutana, kwa hiyo finyanga nyama hizo na mkunjo utajitokeza wenyewe. Uso uliokwaruzwa kwa msumari hautoi kivuli, na kivuli ndicho utakachokihitaji siku ya kuchora.

Uso wa pande mbili zinazofanana kabisa hauna uhai. Shusha pembe ya kulia ya mdomo milimita 2 zaidi ya kushoto, na inamisha kichwa kizima kidogo upande huohuo. Kitambaa cha shingoni kiwe kirefu kufika chini ya taya, kimezungushwa mara mbili, na ukosi wa koti umesimama nyuma yake. Kichwa kikizama humo kama cha kobe, ni sawa. Mabega yawe membamba na yateremke. Vifungo viwili vinatosha, au uache kabisa.

Kama kazi inaelekea kuwa kinyago kisichomfanana mtu yeyote, sababu ni moja kati ya mbili. Ama umevuta sehemu tano badala ya tatu, ama umevuta moja juu na nyingine chini zikafutana. Rudi kwenye mchoro wako wa tatu.

Kutoboa ndani

Subiri siku moja au mbili, kanga ikiwa juu lakini ndoo imeondolewa, mpaka ukibonyeza kwa kucha ibaki alama ila kidole hakizami. Kata kisosi cha utosi kwa waya, kuanzia juu ya paji kuelekea kisogoni. Nyanyua sanamu itoke kwenye kijiti. Chota ndani kwa kijiko, juu na chini, ubakize unene wa sentimita 1.5 kila mahali. Puani na kidevuni udongo huwa mnene bila wewe kujua, ingiza spoku upime. Chanja kingo mbili kwa kisu, paka uji wa udongo, rudisha kisosi, kandamiza, ziba mstari. Chini pabaki wazi. Ukipaziba, acha tundu la milimita 3.

Kukausha

Sanamu hupasuka kwa sababu sehemu moja imekauka na kusinyaa kabla ya jirani yake. Masikio, ncha ya pua na ukingo wa ukosi hutangulia, kwa hiyo vifunike kwa vipande vya kitambaa chenye unyevu siku nne za mwanzo huku mwili ukiwa wazi. Weka sanamu juu ya gazeti au matofali mawili yaliyoachana ili hewa ipite chini. Isikae juu ya ubao mtupu, itanata na kupasuka mabegani.

Usiiweke kwenye baraza inayotazama ziwa. Upepo wa mchana kutoka majini unapiga upande mmoja tu, na kati ya Juni na Septemba hewa ni kavu kiasi cha kumpasua Guizot shavu kwa siku moja. Chumba cha ndani kisicho na feni ndicho mahali pake, na igeuzwe robo mzunguko kila siku. Wakati wa mvua za Machi mpaka Mei tatizo ni kinyume, inaweza kuota ukungu mweupe. Ufute kwa kitambaa kikavu na uongeze hewa.

Ufa mwembamba ukitokea mapema, udongo ukiwa bado na unyevu, jaza kwa udongo uliochanganywa na siki badala ya maji, ukandamize. Ufa uliotokea udongo ukiwa mkavu kabisa usiujaze kwa udongo mbichi, utatoka wote. Subiri kuchoma, kisha ujaze kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa kigae.

Imekauka lini? Iguse kwa shavu lako. Ikiwa baridi, maji bado yanatoka. Kama una mizani ya jikoni, pima kila jioni: uzito ukibaki uleule siku mbili mfululizo, tayari.

Kuchoma au kuacha

Daumier hakuchoma. Vichwa vyake ni udongo mbichi uliopakwa rangi ya mafuta, na kwa sababu hiyo vimevunjika, vimerekebishwa na vinatunzwa kwa tahadhari kubwa. Nakala za shaba nyeusi unazoziona kwenye vitabu zilimiminwa baada ya yeye kufa. Kama sanamu yako itakaa kabatini, iache mbichi. Kama itazunguka darasani mikononi mwa wanafunzi, ichome.

Kanda ya Ziwa haina shida ya pumba za mpunga, na moto wake unapanda polepole, ndicho tunachotaka. Kwanza weka sanamu karibu na jiko la mkaa kwa muda wa saa nne mpaka sita, ukiisogeza taratibu, mpaka isishikike kwa mkono mtupu. Watu husema hewa iliyofungiwa ndiyo inayolipua sanamu motoni. Kinacholipua ni maji. Yakigeuka mvuke ghafla ndani ya udongo hayana pa kupita, na kichwa kinatoka vipande. Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 50, tandaza pumba sentimita 15, weka sanamu ndani ya debe lililotobolewa matundu pamoja na kimoja cha vile vipande vya kipimo, zungushia na kufunika kwa pumba mpaka ziwe rundo la kufika kiunoni, washa juu. Moto uteremke wenyewe usiku kucha. Usifukue mpaka kesho yake majivu yawe baridi kabisa. Sanamu ikitolewa ya moto ikapigwa na upepo inapata ufa wenye sauti, utausikia.

Loweka kipande cha kipimo kwenye maji usiku mmoja. Kikiyeyuka au kulainika, moto haukutosha, na sanamu inaweza kuchomwa mara ya pili. Mabaka meusi ni ya moshi, hayana neno.

Rangi

Paka kwanza gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu tano, ili udongo usinywe rangi. Kwa sanamu mbichi tumia brashi laini na mkono mwepesi, mpako mmoja tu, la sivyo utaburuta udongo.

Oksidi za sakafu zinazouzwa kwa unga madukani, nyekundu, njano na nyeusi, zinatosha kazi yote zikichanganywa na rangi nyeupe ya maji. Ngozi ni nyeupe yenye njano na chembe ya nyekundu, iwe imefifia, mtu asiyekaa juani. Koti lisiwe jeusi tupu: changanya nyeusi na nyekundu kidogo, kwa sababu nyeusi tupu inameza mikunjo yote uliyoihangaikia. Kitambaa cha shingo kiwe cheupe kilichochafuka. Rangi nyekundu zaidi iende kwenye kingo za kope za chini na mbawa za pua, hapo tu. Rangi ya kung'aa ya milangoni usiitumie, mwanga utaruka kila upande.

Kuichora

Zima taa ya dari. Weka taa moja upande wa kushoto, juu kidogo ya utosi, umbali wa sentimita 60. Chora kwa mkaa au penseli laini ya 4B: vivuli kwanza, mistari baadaye. Tundu la jicho, chini ya pua, chini ya mdomo na kando ya kitambaa vikishikamana kuwa baka moja jeusi, Guizot ameshatokea. Geuza ubao nyuzi 45, chora tena. Shusha taa iwe chini ya kidevu, uone anavyobadilika kuwa mtu wa kutisha. Kisha iweke juu kabisa, uone kope zinavyomeza macho. Karatasi sita kwa jioni moja ni kiasi kizuri.

Ukishamzoea, mchore bila kumwangalia, akiwa amesimama, akiwa ameketi bungeni, akiwa anapanda meli kwenda London. Michoro ya namna hiyo ndiyo iliyoitia hofu serikali. Daumier alikuwa amekwisha kuhukumiwa miezi sita jela na faini ya faranga 500 kwa mchoro wa mfalme akila mali za watu, na Septemba 1835 ikapitishwa sheria iliyotaka kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapwa. Guizot alikuwa waziri katika serikali hiyo. Kichwa kikimalizika, kiweke mbali na dirisha, na vumbi lifutwe kwa brashi kavu ya rangi, si kwa kitambaa chenye maji.